Moto Hausubiri Gari: Kwa Nini Sisi Vijana wa Kambi Tunataka Kazi ya Zimamoto

Leo zamu ya kuandika ni yetu, sisi mnaotuita "watu wa ndoo". Jina tumelizoea, halituumi tena. Kinachotuuma ni lile swali linalokuja nyuma ya jina: "Nyinyi wakimbizi, zimamoto ya wapi? Gari mnalo?"

Gari hatuna. Tuseme hilo mapema ili tusipoteze muda.

Tuna ndoo, tuna filimbi mbili, tuna fito tatu ndefu zenye ndoano ya chuma mwishoni, na tuna mikono. Tulianza tukiwa 19. Sasa tumebaki 11, wavulana saba na wasichana wanne. Nane waliondoka baada ya kuona fulana haziji na posho haiji. Hatuwalaumu. Maisha ya kambi mnayajua, mtu ana haki ya kutafuta penye sabuni na sukari. Lakini tunataka kuwaeleza kwa nini sisi wengine bado tupo, na kuna jambo moja tunaomba kambi nzima ilifikirie.

Turudi kiangazi kilichopita. Mnakumbuka ule upepo wa mwezi wa nane hapa Nyarugusu, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria. Ilikuwa Jumamosi jioni. Mama mmoja alikuwa anakaanga mandazi ya kuuza, jiko liko ndani kwa sababu ya upepo. Akatoka kidogo, akamwachia binti yake. Mafuta yakashika moto. Binti akafanya kile ambacho hata sisi tungefanya siku ile: akachota maji, akamwaga.

Kumbe hapo ndipo hatari ilipo. Tulikuja kufundishwa baadaye. Mafuta yanayowaka ni ya moto kuliko maji yanayochemka, tena maji ni mazito kuliko mafuta. Ukimwaga, yanazama chini, yanageuka mvuke palepale, na ule mvuke unayarusha mafuta juu yakiwa yanawaka. Hivyo ndivyo moto ulivyopanda kwenye nyasi za paa. Dawa yake ilikuwa mfuniko tu. Funika sufuria, ondoa kuni, acha ipoe bila kufunua funua. Mfuniko ulikuwa pale chini, hatua moja kutoka kwenye mguu wake.

Tulisikia kelele, "Moto! Moto! Mulete mayi!" Tukakimbia wote. Na hapa tuseme ukweli wetu wenyewe, maana tusipousema sisi atausema nani? Wenzetu watatu walifika wakatoa simu, wakaanza kupiga video. Wengine tulikimbia na ndoo tupu, saa ile bomba halitoki. Wengine tuliingia kuokoa magodoro kabla ya kuuliza kama kuna mtu ndani. Kila mtu alikuwa anatoa amri na hakuna aliyesikiliza. Nyumba moja zikawa mbili, mbili zikawa tatu.

Na mtoto alikuwepo. Mdogo wake yule binti, wa miaka minne, mafuta yalimrukia mkononi na pajani. Alitolewa nje mapema, Mungu asifiwe. Lakini mmoja wetu, na yumo katika wanaoandika hapa, alikimbia mpaka dukani kuomba dawa ya meno ampake. Bibi mmoja akaleta unga. Mwingine akasema yai. Tulimpaka kwa upendo wote. Alipofika zahanati, muuguzi alianza kwanza kuondoa vile vitu tulivyopaka, na mtoto analia kilio ambacho sisi tuliosimama dirishani hatujakisahau. Yule muuguzi hakutugombeza. Alituuliza tu, "Maji yalikosekana kabisa?" Maji ya kunywa yalikuwepo, ndoo nzima, nyumba ya jirani.

Kidonda cha moto kinataka maji safi ya kawaida, yatiririke juu yake kwa dakika 20. Si barafu, si unga, si dawa ya meno, si asali, si mafuta. Vua bangili na shanga kabla hapajavimba. Malengelenge usiyatoboe. Funika kwa kitambaa safi, mpeleke zahanati. Basi. Ni maneno yanayoingia kwenye kipande cha karatasi, na sisi tulimaliza shule ya sekondari bila kuambiwa hata moja. Tulifundishwa joto na hewa ya oksijeni tukajibu mtihani. Hakuna aliyetuambia kwamba ile oksijeni ya mtihani ndiyo ile mfuniko wa sufuria unayoizuia.

Mtoto alipona. Vidole viwili havinyooki vizuri. Anacheza mpira.

Mkituuliza sababu yetu ya kwanza, ndiyo hiyo. Si ushujaa, ni aibu. Tulikuwepo, tulikuwa wengi, tulikuwa na nguvu na nia njema, na hatukujua la kufanya.

Lakini tulipokaa chini kuulizana, tulikuta kila mmoja ana yake ya zamani zaidi. Mwenzetu mmoja kwao ni Sange, kule bonde la Ruzizi, Kivu ya Kusini. Wengi wenu mnaijua, mmepita pale kwenda Uvira. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka pale. Watu wakaja na vibidoni kuchota petroli, wengine wengi walikuwa wamejaa kwenye vibanda kuangalia Kombe la Dunia. Lori likalipuka. Walikufa watu zaidi ya 200. Yeye alikuwa mtoto mdogo, na mjomba wake alitoka na kidoo cha lita 20, hakurudi. Anasema hajui kama kweli anaukumbuka ule mwanga au amehadithiwa mara nyingi mpaka ukawa kumbukumbu yake. Na mkidhani ni shida ya Kongo peke yake, Morogoro, hapahapa Tanzania, tarehe 10 Agosti 2019 lilitokea jambo lilelile: lori, petroli chini, watu na vidoo, mlipuko, vifo zaidi ya 100. Umaskini uleule, na kukosa mtu mmoja wa kusimama barabarani akapaza sauti, "Rudini nyuma!" wakamsikia.

Huyo mwenzetu hataki gari jekundu. Anataka kuwa yule mtu wa kusimama barabarani.

Msichana mmoja kwetu sababu yake ni fupi: "Moto unaanzia jikoni, na jikoni ndo niko mimi." Wapo wazee waliosema wasichana wasihangaike, hii ni kazi ya wanaume. Kwa heshima zote wazee wetu, mchana wanaume wako wapi? Wako sokoni, wako kwenye bao, wako kwenye kibarua. Aliye karibu na mafiga, na kibatari, na watoto wamelala, ni mama na ni dada. Kumfundisha kaka peke yake ni kumpa ufunguo mtu asiyekaa nyumbani.

Na wengine wetu, tukiri tu, tulivutwa na sare. Buti, kofia, king'ora, watu wanapisha njia. Ukikulia kambini, maisha yako yote unasimama kwenye mstari ukingoja jina liitwe. Unapewa unga, unapewa turubai, unapewa kadi. Kila anayekuja na gari anakuja kukusaidia wewe. Kwa hiyo hamu ya siku moja kuwa wewe ndiye unayefika, wewe ndiye watu wanasema "amekuja", ni hamu kubwa jamani. Hatuoni haya nayo. Ila tumejifunza kwamba haitoshi. Wale nane walikuwa na hamu hiyo hiyo kama sisi. Sare haikuja, wakaenda. Aliyebaki ni yule ambaye kuna kilio anakisikia usiku.

Sasa twende kwenye hoja za wanaotupinga, maana si zote ni za kijinga.

Wa kwanza wanasema: hiyo ni kazi ya mashirika na ya serikali. Ni kweli, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipo, namba yao ya dharura ni 114, iandikeni kwenye simu zenu leo. Wakati wowote moto ukitokea, mtu mmoja kazi yake iwe kupiga simu na kuwajulisha viongozi. Lakini hesabuni wenyewe. Simu ipigwe, gari litoke mjini, lije kwenye barabara yetu, kiangazi vumbi, masika tope. Nyasi kavu kwenye upepo haziwezi kungoja hayo yote. Zile dakika za mwanzo ni za jirani, hata nchi tajiri ziko hivyo. Gari likija, linakuta ama moto mdogo uliozuiwa na majirani, ama majivu.

Wa pili wanasema: mtakufa, hamna vifaa. Hapa tunakubaliana nao zaidi ya wanavyodhani. Ndiyo maana tuna mambo tusiyoyafanya. Nyumba ambayo paa lote limeshika hatuingii. Petroli hatuisogelei, tunaondoa watu tu. Penye waya na betri za sola, hatumwagi maji kabla umeme haujakatwa. Ndani ya moshi hatutembei tumesimama, tunatambaa chini palipo na hewa, na haingii mtu peke yake. Moshi unaua kabla ya moto. Ukweli ni kwamba mafunzo yalitupunguzia ujinga wa ushujaa. Siku ile ya mandazi, bila mafunzo, tuliingia ndani kutoa godoro. Leo hatuingii. Sasa nani atakufa haraka, aliyefundishwa au asiyefundishwa?

Wa tatu wanasema: ajira iko wapi? Hili linauma. Majeshi ya zimamoto huajiri raia wa nchi zao, na sisi si raia wa hapa. Hatutawadanganya kwamba kuna mlango wa siri. Lakini fikirini. Kuna atakayerudi Fizi au Uvira, kuna atakayepelekwa Marekani au Kanada, kuna atakayebaki hapa mpaka awe na wajukuu. Elimu ya kuzuia damu kwa kukandamiza kidonda, ya kumlaza aliyezimia kwa ubavu, ya kupanga watu 30 kwenye mstari wa ndoo bila kelele, haihitaji kibali cha kutoka. Inakwenda na wewe. Na huko utakakofika, moto hautakuuliza karatasi.

Tena tusijione wa kwanza. Mauritania kuna kambi inaitwa Mbera, ya ndugu zetu waliokimbia Mali. Kule jangwani moto wa nyika unakula malisho, mifugo inakufa, na wenyeji na wakimbizi wanaanza kutazamana vibaya. Wakimbizi wenyewe wakaunda kikosi cha kujitolea. Silaha yao kubwa ilikuwa matawi ya miti ya kuupigia moto. Wamezima mioto zaidi ya 100, na mwaka 2022 UNHCR iliwapa tuzo ya Nansen upande wa Afrika. Kwa matawi. Kwa upande mwingine, mkumbuke Cox's Bazar, Bangladesh, kambi ya Warohingya. Moto wa Machi 2021 uliwaacha watu kama 45,000 bila makazi na kuua watu wasiopungua 15. Vibanda vimebanana, turubai na mianzi. Mtu akisoma hayo kisha aangalie safu zetu za nyumba, nyasi za huyu zinagusa nyasi za yule, hawezi kuuliza tena kwa nini tunabeba ndoo.

Sasa lile jambo tulilotaka kuwaomba. Ni gumu kidogo, tuvumiliane.

Jioni ile, baada ya nyumba ya tatu kushika, mzee mmoja aliyewahi kuishi kwenye kambi nyingine alitupigia kelele: "Acheni hizo zinazowaka! Ng'oeni nyasi za hiyo inayofuata!" Alikuwa sahihi. Moto unataka vitu vitatu: joto, hewa, na kitu cha kula. Upepo na joto hatukuviweza. Chakula tuliweza kukiondoa. Tukapanda kwenye nyumba ya nne, ambayo haijaungua hata unyasi mmoja, tukalivuta paa lote chini na kuburuta nyasi mbali. Moto ulifika pale ukakosa cha kula, ukasimama. Nyuma ya nyumba hiyo kulikuwa na nyingine nyingi, mpaka barabarani. Zote zipo hadi leo.

Mwenye nyumba ya nne ni mama mjane. Alirudi akakuta kuta bila paa, na sisi tumesimama juu yake. Alituambia hivi: "Moto haujanibomolea. Nyinyi ndo mmenibomolea."

Kesho yake orodha ya waathirika iliandikwa. Nyumba tatu zilizoungua zilipata maturubai na blanketi. Ya nne haikuandikwa. Haikuungua, bwana. Tulikwenda ofisi husika kueleza, tukaambiwa fomu inauliza kama nyumba imeungua, ndiyo au hapana. Tulikwenda mara ya pili, tukaambiwa turudi. Tukaacha kurudi, tukachukua panga tukaenda kukata nyasi. Ilituchukua siku tisa kumwezekea yule mama. Siku nne za kwanza hakutusalimia. Siku ya tano alituletea maji ya kunywa, akaweka chini bila neno. Siku ya tisa alisema, "Asante wanangu, lakini siku nyingine muniite kwanza."

Mjadala huo haujaisha kati yetu. Mmoja anasema hakukuwa na muda wa kumtafuta mtu. Mwingine anasema nyumba ni ya mtu hata kama ni ya nyasi, na sisi tuliokimbia kwetu kwa sababu watu walijifanyia maamuzi juu ya nyumba zetu, tunatakiwa kuliona hilo kuliko wote. Wote wana haki. Ndiyo maana tunasema lisiachwe liamuliwe na moto. Liamuliwe sasa, watu wakiwa wametulia.

Ombi letu kwa viongozi wa vijiji na zoni, na kwa wanaoandika zile orodha: nyumba iliyobomolewa ili kuzuia moto ihesabiwe kama iliyoungua. Mwenyewe apate kile kile. Msipofanya hivyo, siku ijayo mwenye nyumba atasimama mlangoni na panga, atatuambia "kwangu hampandi", na atakuwa na haki yake. Halafu safu nzima itaungua kwa sababu ya turubai moja.

Pili, tunaomba tujulikane. Katika zile purukushani vitu vinapotea, na anayeonekana amebeba sola ya mtu ndiye anayekamatwa. Mwenzetu alitoa redio ndani ya nyumba ya pili, akaishia kuhojiwa na walinzi mpaka usiku wa manane. Hakulala, na asubuhi alitaka kuacha kabisa. Kitambaa cha rangi mkononi na majina yetu kwa mwenyekiti wa kijiji vingetosha.

Tatu, kila safu iwe na pipa la mchanga au la maji lisiloguswa, na fito mbili zenye ndoano. Shule nazo zitupe saa moja tu kwa muhula. Tutakuja wenyewe, bure.

Na kwenu wazazi, hatuombi fedha. Sogezeni jiko mbali na nyasi. Weka mfuniko karibu na mkono wako unapokaanga. Kibatari kisilale kinawaka karibu na chandarua. Petroli ya pikipiki isikae chini ya kitanda, jamani, tumeikuta mara mbili.

Na kwako kijana mwenzetu uliyesoma mpaka hapa: tunakutana Jumamosi asubuhi, uwanja wa nyuma ya shule, kabla jua halijawa kali. Utabeba ndoo, utachoka, utachekwa na watoto wanaotufuata wakiiga filimbi yetu. Mmoja wa hao watoto ana vidole viwili visivyonyooka. Huwa anasimama mwisho wa mstari na kikopo chake cha plastiki, anataka naye kikipokezwa. Tunampa.

Ukija, simu iache mfukoni.

Ni sisi, watu wa ndoo, Nyarugusu.